Damu Hii Inakwenda Wapi?

Mwaka 1994, nikiwa bado kijana wa shule, nilisimama na marehemu baba yangu katika mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, tukimpokea shangazi yangu aliyeletwa kwa mtumbwi kutoka kisiwani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mama wa watoto wanne, aliyezoea kuanika dagaa tangu alfajiri hata jua linapokuchwa. Siku ile hakuweza kutembea hatua kumi bila kuketi. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi, na macho yake yalikuwa ya manjano kama binzari.

Alipelekwa hospitali, akaongezewa damu. Baba yangu alitoa chupa moja, na ami yangu akatoa nyingine. Rangi ikarudi usoni, tukafurahi, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki mbili hazijapita, akawa vilevile. Akaongezewa tena, na damu ile nayo ikatoweka. Safari ya tatu mtu wa maabara alisema kwamba kila damu anayoijaribu na ya shangazi inashikamana na kuwa mabonge, hata damu ya ndugu zake wa tumbo moja. Kwa muda wote huo alikwisha kutibiwa malaria mara nne na minyoo mara mbili. Hakurudi kisiwani akiwa hai.

Wanawake ndio waliomwosha. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mtu mzima, ambaye alijua kuwa si adabu kuyatangaza aliyoyaona katika mwili wa maiti. Alimwita baba kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba upande wa kulia wa tumbo, chini ya kitovu, mkono wake uligusa kitu kigumu cha ukubwa wa embe. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo: "Basi damu ile tuliyompa ilikwenda wapi?"

Sisimulii habari hii ili kumlaumu mganga yeyote. Waliomhudumia walifanya kazi kwa vifaa walivyokuwa navyo. Wala sidai kwamba jina la maradhi yaliyomwua shangazi yangu linajulikana, maana hakupimwa, na aliyekwisha kuzikwa hapimwi. Nasimulia kwa sababu swali la baba ni swali la kitaalamu, lina jibu, na wananchi wa Mara pamoja na viongozi wao wanastahili kulijua jibu hilo.

Ieleweke kwanza kwamba katika mkoa wetu mtu aliyepungukiwa damu ana sababu nyingi za kufikia hali hiyo, na zilizo za kawaida ndizo zinazopaswa kutazamwa mwanzo. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Minyoo ya safura hunyonya damu tumboni polepole. Kichocho, ambacho watu wa ziwani hukipata kwa kuoga, kufua na kuvua katika maji yenye konokono wa ugonjwa huo, huharibu utumbo na ini, hukuza wengu na kupunguza damu. Mama mjamzito asiyepata chakula cha kutosha hupungukiwa na madini ya chuma. Na zaidi ya hayo yote upo ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita sikoseli.

Kuhusu selimundu, Musoma ina mahali pake katika historia ya elimu ya damu duniani, ingawa wakazi wake wengi hawajapata kuambiwa. Katika miaka ya 1950 Daktari Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu. Mwaka 1954 alitangaza kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Miongoni mwa hesabu zake mashuhuri ni zile za Musoma, zilizochapishwa mwaka 1956. Kati ya watu wazima 654 aliowapima, 249 walikuwa wameirithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja, na watano tu kwa wazazi wote wawili. Kati ya watoto wachanga 287, waliokuwa nayo kwa mzazi mmoja walikuwa 89, na kwa wazazi wote wawili walikuwa tisa.

Msomaji na azitazame hesabu hizo kwa makini. Watoto wenye ugonjwa wenyewe walikuwa takriban watatu katika kila mia, lakini kwa watu wazima hawakufika hata mmoja katika kila mia. Waliobaki walikuwa wamekufa kabla ya kukua. Kinyume chake, wenye kurithi kwa mzazi mmoja waliongezeka sehemu yao kadiri umri ulivyosonga, kwa sababu malaria iliwaua wengine na kuwaacha wao. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano bado anazaliwa na urithi huo wa mzazi mmoja.

Kwa hiyo mganga wa zahanati ya ziwani anapomwona mgonjwa mweupe wa viganja akafikiria malaria, minyoo, kichocho au selimundu, hakosei. Kosa huanza pale sababu hizo zinapopimwa na kuonekana hazipo, au zinapotibiwa na damu ikaendelea kutoweka, halafu kila mtu akaendelea kutibu jambo lilelile. Kumjaza damu mgonjwa wa namna hiyo bila kuuliza iliyotangulia imekwenda wapi ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Sasa tuliangalie jibu la swali la baba.

Chembe nyekundu ya damu hutengenezwa katika uboho wa mifupa. Huzunguka mwilini ikibeba hewa safi kwa muda wa siku 120 hivi, kisha huchakaa na kuondolewa, na mpya hushika nafasi yake. Mwili pia una jeshi la ulinzi. Kati ya silaha za jeshi hilo ni kingamwili, ambazo kazi yake ni kumnasa adui, kama vile kijidudu cha maradhi, na kumtia alama ili aangamizwe. Jeshi hilo hufundishwa kutambua kilicho cha nyumbani na kilicho kigeni.

Hutokea mara chache jeshi hilo likapotoka. Badala ya kumnasa mgeni, kingamwili huzinasa chembe nyekundu za mwili wenyewe. Chembe iliyotiwa alama hiyo hukamatwa na wengu na kuvunjwa. Maisha yake, badala ya siku 120, huwa siku chache. Uboho hujitahidi kutengeneza nyingine, lakini hauwezi kushindana na uharibifu wa kasi hiyo. Masalia ya chembe zilizovunjwa huyafanya macho kuwa ya manjano, na pengine mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Ndipo inapotimia methali ya wahenga kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Damu ya kuongezewa nayo hainusuriki. Kingamwili hizo hazichagui damu ya mgonjwa na damu ya jirani. Huzishika chembe za karibu kila mtu. Ndiyo sababu maabara huona kila damu inakataa, hata ya ndugu wa tumbo moja, na ndiyo sababu chupa iliyotolewa kwa jasho la ukoo mzima hudumu siku chache tu. Damu aliyoitoa baba, ikiwa maradhi yalikuwa haya, haikuibwa na mtu. Ilivunjiwa ndani ya mwili wa dada yake.

Maradhi haya ni nadra. Nchi za Ulaya zilizofanya hesabu huona wagonjwa wapya kati ya mmoja na watatu kwa mwaka katika kila watu 100,000. Kwa karibu nusu yao hakionekani chanzo chochote. Kwa nusu ya pili, upotofu wa jeshi la mwili unatokana na jambo jingine lililojificha: maradhi mengine ya kinga kama lupasi, saratani za chembe nyeupe za damu, maambukizo, au dawa fulani. Miongoni mwa dawa hizo imo methildopa, inayotumika sana katika hospitali zetu kwa akina mama wajawazito wenye shinikizo la damu. Dawa hiyo imeokoa wengi, na mama asiiache kwa kusoma makala haya. Lakini mganga anayeona damu ya mama huyo inashuka bila sababu hana budi kuikumbuka.

Na katika orodha hiyo ya vyanzo vilivyojificha, kipo kimoja kinachosahauliwa kuliko vyote, nacho ni uvimbe katika kifuko cha mayai ya uzazi, ambacho wataalamu hukiita ovari.

Uvimbe unaohusika zaidi huitwa teratoma, na aina yake ya kawaida hujulikana pia kwa jina la demoidi. Ni uvimbe wa ajabu. Huanzia katika chembe ile ya yai ambayo ina uwezo wa kutengeneza kila kiungo cha mwili, na kwa hiyo daktari akiupasua huweza kukuta ndani yake mafuta, nywele, hata meno. Wanawake wa umri wa kuzaa ndio huupata zaidi. Kwa kawaida si saratani. Unaogeuka kuwa saratani ni mmoja au wawili katika mia. Wanawake wengi huishi nao miaka mingi bila maumivu, na hawajui kama upo. Lakini kwa wachache mno uvimbe huo huichokoza kinga ya mwili mpaka ikaanza kuvunja damu.

Jinsi unavyofanya hivyo imeelezwa kwa njia tatu. Wako wanaosema kwamba ndani ya uvimbe mna vitu vinavyofanana na vazi la nje la chembe nyekundu, hivyo mwili unapotengeneza kingamwili dhidi ya uvimbe, kingamwili hizo huishia kuzipiga chembe za damu pia. Wengine husema uvimbe wenyewe, kwa kuwa umebeba nyama za kila namna, hutengeneza kingamwili ndani yake. Wa tatu husema majimaji ya uvimbe huligeuza vazi la chembe nyekundu mpaka likaonekana geni kwa mwenyewe. Vyovyote vile, jambo moja limethibitika kwa macho: uvimbe ukiondolewa, kwa kawaida damu huacha kuvunjika, na mgonjwa hupona katika muda wa siku au wiki chache.

Habari hiyo ilijulikana kwa mara ya kwanza kutokana na jaribio lililoshindwa. Nchini Uingereza, madaktari West-Watson na Young walikuwa na mwanamke aliyekuwa akivunjikiwa damu na kugeuka manjano. Kwa elimu ya siku zile walimkata wengu, wakitumaini kwamba kiungo kinachovunja damu kikiondoka, ugonjwa utakwisha. Haukwisha. Baadaye uvimbe wa ovari yake ulipoondolewa, akapona. Waliandika habari hiyo mwaka 1938. Tangu hapo wagonjwa wa namna hiyo walioandikwa katika majarida ya tiba duniani ni wa kuhesabika kwa makumi, na mara nyingi kisa chao kinafanana: dawa zilitolewa zikashindwa, damu iliongezwa ikapotea, na siku tumbo lilipochunguzwa, jibu likaonekana.

Kisa hicho kina funzo la pekee kwa watu wa nchi ya malaria. Mtu aliyekatwa wengu hupoteza mlinzi mkubwa dhidi ya malaria na maambukizo mengine ya damu. Kumkata wengu mwanamke wa Bunda au Butiama kabla ya kulichunguza tumbo lake ni kumtoa katika hatari moja na kumtia katika nyingine, huku mwizi wa damu akiachwa amekaa mahali pake.

Je, maradhi haya hutambulikanaje? Kipimo chake kikuu kina umri wa miaka zaidi ya 80. Mwaka 1945 Robin Coombs wa Cambridge, pamoja na wenzake Mourant na Race, walitangaza njia ya kuzionyesha kingamwili zilizoshika chembe nyekundu. Husimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia Coombs usiku akiwa safarini ndani ya gari moshi. Chembe za mgonjwa huoshwa, kisha hutiwa dawa maalumu inayozikamata kingamwili za binadamu. Kama chembe zimetiwa alama na jeshi la mwili, dawa hiyo huziunganisha, nazo hushikamana zikaonekana kwa macho. Kinachohitajika ni matone machache ya damu, dawa hiyo, jokofu la kuitunzia, mtaalamu aliyefunzwa na muda usiofika saa moja.

Kipimo cha Coombs kikionyesha kwamba mwili unajivunjia damu, kazi haijaisha. Ndipo linapokuja swali la pili: kwa nini? Kwa mwanamke, sehemu moja ya jibu hutafutwa kwa mkono wa mganga juu ya tumbo, na kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ileile ambayo wajawazito hutazamiwa watoto wao.

Tiba nayo ina utaratibu wake. Kwa kawaida huanzwa na prednisoloni, dawa inayolituliza jeshi la mwili, na wagonjwa wengi wa maradhi haya hupata nafuu kwayo. Lakini chanzo kinapokuwa uvimbe, mara nyingi dawa hiyo hushindwa, au nafuu yake haidumu. Dawa hiyo ina madhara pia: hudhoofisha kinga dhidi ya kifua kikuu na maradhi mengine, hivyo si ya kununuliwa dukani kwa kukisia. Mgonjwa hupewa na asidi ya foliki ili uboho upate vifaa vya kazi. Ikiwa maisha yake yako hatarini, huongezewa damu iliyo na ukinzani mdogo kuliko nyingine, polepole na kwa uangalizi, maana kumwacha afe kwa kungoja damu inayokubali kabisa ni kungoja kisichokuja. Kisha uvimbe huondolewa kwa upasuaji.

Hapa nataka niseme neno kwa akina mama na waume zao. Wapo wanaoukimbia upasuaji wa namna hii kwa hofu ya utasa. Mwanamke ana ovari mbili. Mara nyingi daktari huweza kuutoa uvimbe na kuiacha ovari. Na hata ikilazimu kuiondoa moja, iliyobaki huendelea na kazi yake, na mama huweza kuzaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lipo pia neno la kusema kuhusu imani zetu. Tangu zama za ukoloni watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiogopeshana kwa habari za mumiani, mtu anayesadikiwa kunyonya damu za wenzake. Katika jamii yenye kumbukumbu hiyo, mgonjwa ambaye damu yake inakwisha bila jeraha humfanya kila mtu aanze kumtazama jirani kwa jicho baya. Shangazi yangu alipokuwa akizidiwa, mama mmoja mjane wa kisiwa kile alihama na watoto wake kwa sababu ya maneno ya watu. Ujinga ulikwisha kumhukumu mwanamke wa pili kabla maradhi hayajammaliza wa kwanza. Mtu anayejua kwamba mwili unaweza kujivunjia damu wenyewe hana haja ya kumtafuta mchawi.

Sasa tuwageukie wenye dhamana ya Serikali, maana elimu bila vifaa humwacha mwananchi palepale.

Huenda afisa mmoja akauliza: ugonjwa unaowapata watu wachache namna hii unastahili fedha za wilaya? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili. Dawa ya kipimo cha Coombs si ya ugonjwa huu peke yake. Hutumika katika kupima kwa ukamilifu kama damu ya mtoaji inapatana na ya mpokeaji, na kwa hiyo humlinda kila mtu anayeongezewa damu. Hutumika kwa mama mwenye damu isiyo na alama ya rhesasi, ili mtoto wake asiangamie tumboni. Na mashine ya mawimbi ya sauti ni haki ya kila mjamzito. Vitu viwili hivyo, vikiwapo katika hospitali ya wilaya pamoja na mtu anayejua kuvitumia, vitamhudumia mama wa kawaida kila siku. Na siku atakapokuja yule mmoja wa nadra, vitakuwa tayari kwa ajili yake. Kinachotakiwa ni jokofu lisilozimika, dawa isiyopitwa na muda, na mtaalamu asiyehamishwa pasipo mrithi.

Jambo la pili ni safari. Mwananchi wa Rukuba au wa Nafuba hana barabara. Barabara yake ni maji, na maji yana upepo wake. Akifika nchi kavu huanza safari ya Bunda au Musoma. Ikibidi rufaa zaidi, ipo hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo kutoka Musoma ni zaidi ya kilomita 200. Mgonjwa mwenye damu ya kiwango cha chini hawezi kurudishwa nyumbani kila baada ya chupa moja ili aje tena atakapozidiwa. Kila safari humla nguvu, humla akiba, na humpunguzia siku. Kwa hiyo ningependekeza kanuni moja nyepesi, inayoweza kubandikwa katika ukuta wa kila zahanati na kituo cha afya bila gharama: mgonjwa akipungukiwa damu mara ya pili baada ya kuongezewa, na hatoki damu popote, asiongezewe na kurudishwa tu, atazamwe macho na mkojo, apapaswe tumbo, na aandikiwe rufaa yenye swali la damu inakwenda wapi.

Tatu ni kumbukumbu. Shangazi yangu aliongezewa damu mara tatu, na kila mara alipokelewa kama mgeni, kwa daftari jipya. Laiti mtu mmoja angelisoma ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa pamoja, swali lingejiuliza lenyewe. Mgonjwa na atunze karatasi zake kama anavyotunza hati ya shamba, na mhudumu azisome kabla ya kuandika mpya.

Mkoa huu haukosi mfano wa kujifunzia. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakaa katika vikundi kandokando ya redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao. Mwaka 1974 ni hapa Musoma ambapo Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Azimio lililoharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto. Na Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, ndiko alikozikwa mwaka 1999 baada ya kufariki katika hospitali ya St Thomas, London, kwa saratani ya damu. Nakumbuka namna taifa zima lilivyokuwa likingoja habari za damu ya mtu mmoja, na wananchi waliopata kusikia jina la ugonjwa huo kwa mara ya kwanza wakilitamka kama walilijua siku zote. Uchungu wa siku zile ulitufundisha kwamba magonjwa ya damu si mambo ya ng'ambo. Yapo katika nyumba za wakuu na katika vibanda vya wavuvi.

Mwalimu alituhimiza tupigane na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika kisa cha mwanamke anayepotelewa na damu, maadui hao wote watatu huja katika mtumbwi mmoja. Umaskini humchelewesha, maradhi humla, na ujinga huwafanya waliomzunguka watazame kila mahali isipokuwa tumboni mwake.

Baba yangu alifariki bila kupata jibu la swali lake. Yule bibi aliyeosha naye amekwisha tangulia. Lakini siku zote nimekuwa nikiufikiria mkono wake. Hakuwa na shahada, hakuwa na mashine, wala hakuwa na dawa ya Coombs. Alikuwa na mkono uliopita juu ya tumbo kwa upole na kwa kuzingatia, ukakuta kitu. Alichokosa ni wakati tu, maana mkono huo ulifika baada ya saa kupita.

Kazi iliyo mbele yetu, wananchi na viongozi, ni kuufikisha mkono kama ule kwa mgonjwa angali hai.